Ritifaa ya Mang'ula: kuyazungushia majina alama za nukuu bila kuyavunja

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni karani wa takwimu. Nina faili la kata 640, kila kata kwenye mstari wake, na natakiwa kila jina lizungushiwe alama moja ya nukuu huku na huku, kisha koma mwishoni, ili niyabandike kwenye amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Rafiki alinielekeza nitumie rejeksi, yaani alama za kueleza umbo la maandishi unayotafuta, ndani ya kihariri maandishi cha Notepad++. Nikatafuta `\w+`, nikabadilisha kwa `'\1',` na majina yote yakapotea, zikabaki alama tupu. Nikaweka `'$0',` badala yake: Mto wa Mbu ikawa kata tatu, na Ng'hong'onha ikavurugika kabisa. Mwisho nikatumia `^` na `$`. Safari hii kwa macho kila kitu kilikuwa sawa, lakini hifadhidata ikakataa, ikasema kuna kosa karibu na `ula`. Mwenzangu ofisini anasema haya ni mambo ya watu wa programu, niandike kwa mkono tu. Nimeshafika kata ya 90. Nakosea wapi? Na ni salama kweli kutumia kitu hiki kwa data ya ofisi?"

Jibu:

Ndugu yangu, pole na kazi. Hizo kata 550 zilizobaki usiziandike kwa mkono. Mtu anayeandika mamia ya majina hukosea bila mpangilio, herufi hapa, koma kule, na makosa ya namna hiyo huyaoni mpaka ripoti imeshatoka. Ruwaza, yaani rejeksi uliyoiandika, ikikosea hukosea vilevile kila mahali, kwa hiyo ukigundua kosa moja umeyagundua yote. Hata zile 90 ulizokwisha kuandika ningekushauri uzirudishe kwenye orodha, zipite njia moja na nyingine.

Kuhusu maneno ya mwenzako, huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji alama chache, pungufu ya kumi, na tabia moja: kuyatazama maandishi yenyewe kabla ya kuyagusa. Na kwa swali lako naona alama karibu zote unazo. Kilichokusumbua ni makosa matatu tofauti yaliyokuja kwa kufuatana, moja likafunikwa na jingine, mpaka yakaonekana kama tatizo moja kubwa. Tuyatenganishe.

Majina kupotea lilikuwa kosa la kisanduku cha pili, kile cha Badilisha. Watu wengi hudhani rejeksi ndiyo inayobadilisha maandishi. Rejeksi kazi yake ni kutafuta tu. Inaishi kwenye kisanduku cha Tafuta. Kisanduku cha Badilisha kina lugha yake fupi, na humo `$0` maana yake ni "kila ulichokinasa", na `$1` au `\1` maana yake ni "ulichokinasa ndani ya mabano ya kwanza". Wewe uliandika `\w+` bila mabano yoyote, kisha ukaomba kilichomo ndani ya mabano ya kwanza. Mabano ni kama kapu, na kapu hilo halikuwapo, ukaletewa utupu, na utupu huo ukazungushiwa alama zako. Kama ungeandika `(\w+)`, majina yasingepotea.

Usishangae pia ukikuta kila programu ina namna yake ya kusema jambo hilohilo. Notepad++, VS Code na LibreOffice zinaelewa `$0`. Amri ya sed kwenye Linux inataka `&`. Lugha ya Python inataka `\g<0>`. Ni urithi wa kihistoria: mwanahisabati Mmarekani Stephen Kleene aliandika kuhusu ruwaza hizi mwaka 1951, Ken Thompson wa Bell Labs akaziingiza kwenye kihariri maandishi miaka ya 1960, na tangu hapo kila ukoo wa programu umeziendeleza kivyake. `\1` ni ya ukoo wa Unix, `$1` ilienezwa na lugha ya Perl iliyotoka mwaka 1987. Kwa hiyo maelekezo uliyopewa na rafiki yanaweza kuwa sahihi kabisa, ila kwa programu nyingine.

Kosa la pili ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu linatugusa sisi tunaoandika Kiswahili. Mwone mtu anayesoma Ng'hong'onha kwa kidole, herufi moja moja kutoka kushoto. Umemwagiza achukue `\w+`. Anagusa N, inafaa. Anagusa g, inafaa. Anafika kwenye ritifaa, ile alama ya ', haifai. Anasimama, anakukabidhi `Ng`, inazungushiwa alama. Kisha anairuka ritifaa na kuanza upya kwenye h: anachukua `hong`, anasimama tena. Anamalizia na `onha`. Kata moja ya Dodoma imetoka hivi:

'Ng',''hong',''onha',

Mto wa Mbu ilipatwa na jambo lilelile, ila pale kilichomsimamisha ni nafasi kati ya maneno.

Vitabu vingi hufasiri `\w` kuwa "neno", na hapo ndipo watu wanapopotoka. `\w` ni herufi, tarakimu na mstari wa chini, yaani zile alama zinazoruhusiwa katika majina ya vigeu vya programu. Haijui kwamba ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma ni sauti mbili, wala kwamba ritifaa ile ni sehemu ya herufi. Hata `\b`, inayotajwa kuwa mpaka wa neno, itakuwekea mpaka katikati ya Chang'ombe. Ukifanya kazi na majina ya kwetu, acha kabisa kuitegemea `\w` pale unapotaka jina zima.

Katika faili lako tayari kuna mpaka wa kuaminika: kila kata ina mstari wake. Basi nasa mstari. Nukta maana yake ni alama yoyote isipokuwa ile ya kumaliza mstari, na `+` maana yake ni "kilichonitangulia, mara moja au zaidi". Kwa kawaida `+` ina ulafi, hubeba kadiri inavyoweza kubeba, na hapa ulafi huo unatufaa: `.+` itaanza mwanzo wa mstari na haitasimama mpaka mwisho wake, iwe imepita juu ya nafasi, ritifaa au mkwaju (/). Tafuta `.+`, badilisha kwa `'$0',` basi.

Nakusihi iwe `.+` na isiwe `.*` unayoikuta kwenye mifano mingi. Aliyezoea kutafuta mafaili kwa `*.docx` hudhani kinyota ni "chochote". Katika rejeksi kinyota kinasema "kilichonitangulia, mara sifuri au zaidi", na sifuri hiyo ina gharama: mistari mitupu nayo inaweza kupewa alama. Katika Python, tangu toleo la 3.7, hata mstari wenye jina huongezewa jozi tupu ya alama mwishoni, kwa sababu baada ya kulichukua jina lote mashine inakuta utupu uliobaki na kuuhesabu kuwa umefaa. Njia yako ya `^` na `$` nayo si mbaya. Alama hizo hazinasi herufi, zinanasa mahali: mwanzo wa mstari na mwisho wake. Udhaifu wake ni huohuo, mstari mtupu nao una mwanzo na mwisho.

Sasa lile la `ula`, lililokukatisha tamaa. Hapo rejeksi haikuwa na kosa. Kwa kata ya Mang'ula ilikupa hiki:

'Mang'ula',

Kwenye kibodi, ritifaa ya Kiswahili na alama inayofungua na kufunga maandishi ya SQL ni kitufe kimoja. Hifadhidata ilifungua maandishi, ikasoma Mang, ikakutana na alama, ikaamini jina limekwisha. Kilichofuata, `ula`, haikujua ni nini. Kanuni ya SQL ni kwamba alama hiyo ikiwa ndani ya maandishi iandikwe mara mbili: `'Mang''ula'`. Ni ritifaa mbili zilizoshikana, usichanganye na ile alama ya nukuu yenye mikia miwili. MySQL, PostgreSQL na SQLite zote zinalielewa hilo, na jina litahifadhiwa na ritifaa moja tu kama kawaida.

Mpangilio wa hatua ndio unaoamua. Ziongeze ritifaa za ndani kwanza, uzungushie baadaye. Ukizungusha kwanza, utakapokuja kuziongeza, zitaongezeka na zile ulizoweka mwenyewe, upate `''Mang''ula'',` na kuanza upya.

Kazi yote, basi, iende hivi. Fanya nakala ya faili na ufanyie kazi ile nakala. Fungua dirisha la kutafuta, weka hali ya utafutaji kwenye rejeksi, na kile kisanduku kidogo kinachoruhusu nukta ivuke mistari kiache bila tiki. Kabla ya kubadilisha chochote, tafuta usichokitarajia:

[^A-Za-z0-9 '\r\n]

Kofia ikiwa ndani ya mabano mraba maana yake ni "isiyokuwa mojawapo ya hizi". Ruwaza hii itakuonyesha kila alama ambayo si herufi, tarakimu, nafasi wala ritifaa ya kawaida: tabo zilizoingia, mikwaju, vistari, na zaidi ya yote, ritifaa zilizopinda. Hizi nitazirudia. Kisha ondoa nafasi zilizojificha mwanzoni na mwishoni mwa mistari kwa kutafuta hii na kuacha kisanduku cha Badilisha kitupu:

^[ \t]+|[ \t]+$

Wengine wataandika `\s+` hapo kwa ufupi. Usifanye hivyo, maana `\s` inahesabu hata mwisho wa mstari, na mistari yako inaweza kuungana. Baada ya hapo tafuta `'` ubadilishe kwa `''`, na mwisho kabisa ile `.+` yetu kwa `'$0',`.

Usiridhike kwa kutazama. Zitake zihesabiwe. Notepad++ ina kitufe cha kuhesabu, na ruwaza hii inahesabu mistari iliyo salama peke yake, ile iliyofunguliwa, ikafungwa, na ritifaa zake za ndani zikiwa mbilimbili:

^'([^'\r\n]|'')+',$

Ikikupa 640, unaweza kwenda. Ikikupa 637, kuna mitatu ya kutazama. Angalia nilivyoandika `\r\n` ndani ya mabano mraba: nukta haivuki mstari, lakini "isiyokuwa ritifaa" inavuka bila kuuliza, kwa kuwa mwisho wa mstari nao si ritifaa. Nimeona watu wazoefu wakisahau hilo. Ukishahesabu, ifute koma ya kata ya mwisho kwa mkono, la sivyo SQL itaikataa orodha nzima.

Turudi kwenye ritifaa zilizopinda. Microsoft Word na baadhi ya simu, ukiandika ritifaa, huigeuza kuwa ile yenye mkia, ’. Kwa macho Chang'ombe na Chang’ombe ni kata moja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, kila moja na namba yake, na ukitafuta moja hupati nyingine. Ubaya wake ni kwamba hifadhidata hailalamiki. Inakubali amri yako, inajibu kwa adabu, ila kata ile haimo kwenye majibu. Niliwahi kukaa na timu moja tukitafuta kwa siku mbili kwa nini jumla zetu zilikuwa pungufu, na kumbe majina yote yenye ng' yalikuwa yameandikwa kwenye simu huko vijijini. Tangu siku hiyo huwa natafuta hizi kabla ya kitu kingine:

[’‘ʼ´`]

Unaweza kuzibadilisha zote kwa ritifaa iliyonyooka, lakini kwanza uliza hifadhidata yenyewe inatumia ipi. Kama wao walihifadhi zilizopinda, ukinyoosha zako umejifungia nje. Lililo sahihi hapo ni lile linalofanana na kilichohifadhiwa. Kwa sababu hiyohiyo, orodha iliyokwisha kuzungushiwa alama usiipitishe kwenye Word hata kwa dakika moja. Inaweza kuzipinda alama zako za nukuu, na SQL haitazitambua.

Siku ukihamia Linux na kutumia sed kwa faili lililotoka Windows, utaona kioja: badala ya jina lenye alama zake, skrini inakuonyesha `',ang''ula`. Jina halijaharibika. Mistari ya Windows huishia na alama mbili, na sed inaiona ya kwanza kama sehemu ya maandishi. Alama yako ya kufungia imekaa nyuma yake, na skrini inapoifikia inarudi mwanzo wa mstari na kuandika juu ya herufi zilizokuwapo. Ligeuze faili kwa programu ya dos2unix kwanza, kisha endelea.

Orodha ikija kwenye mstari mmoja mrefu, majina yametenganishwa kwa koma, usihangaike kuyanasa majina. Nasa kilicho kati yao. Ukishaziongeza ritifaa, tafuta ` *, *`, yaani koma pamoja na nafasi zozote zilizoizunguka, badilisha kwa `','` na uongeze kwa mkono alama ya mwanzo kabisa na ya mwisho kabisa.

Je, rejeksi ndiyo njia bora kwa kazi yako? Kwa faili la mara moja, ndiyo. Lakini kama orodha iko kwenye Excel tayari, fomula hii inafanya yote mawili kwa mpigo mmoja, na wenzako ofisini wataielewa kwa urahisi zaidi:

="'"&SUBSTITUTE(A2,"'","''")&"',"

Na kama kazi hii itarudi kila mwezi, ningependa uachane na alama za nukuu kabisa. Omba orodha iingizwe kwenye hifadhidata kama jedwali dogo, kisha majedwali mawili yaunganishwe. Hakuna kuzungushia, hakuna kuongeza ritifaa. Matoleo ya zamani ya Oracle, kwa mfano, hayapokei zaidi ya majina 1,000 kwenye orodha moja ya namna hii, kwa hiyo siku kata zitakapoongezeka unaweza kulazimika kwenda huko tu.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Chang'ombe iko Temeke, na Chang'ombe nyingine iko Dodoma. Orodha ya majina matupu itakuletea zote mbili na kuzijumlisha kama kata moja. Uliza kama hifadhidata ina safu ya msimbo wa kata. Ikiwepo, tumia msimbo. Isipokuwepo, tumia jozi ya kata na wilaya. Nakili safu mbili kutoka Excel, zitatoka zikiwa zimetenganishwa kwa tabo, kisha baada ya kuziongeza ritifaa tafuta `^(.+)\t(.+)$` na ubadilishe kwa:

\('$1','$2'\),

Mikwaju ile ya nyuma (\) ni kwa ajili ya Notepad++, ambayo huyameza mabano ya kwenye kisanduku cha Badilisha usipoyatangulizia mkwaju. Kwenye VS Code yaandike bila mikwaju. PostgreSQL na MySQL zinakubali jozi za namna hii. SQL Server haizikubali.

Kuhusu usalama, majina ya kata hayana siri. Lakini siku utakapopewa faili la majina ya watu, namba za simu au namba za vitambulisho, usilibandike kwenye zile tovuti za kujaribia rejeksi, hata kama zinarahisisha kazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na taarifa hizo si zako wala si zangu kuzipeleka nje. Tengeneza mistari mitano ya uongo inayofanana na halisi, ujaribie hiyo, kisha rudi kwenye faili ndani ya kompyuta ya ofisi.

Na kuna mahali ambapo maandishi haya hayatoshi, unatakiwa ukae na mtu. Amri yako ikianza na SELECT, ya kusoma tu, ukikosea utapata jibu baya na utajaribu tena. Ikianza na UPDATE au DELETE, za kubadilisha au kufuta, kwenye hifadhidata inayotumika, usiiendeshe peke yako hata ruwaza ikihesabu 640 kati ya 640. Mwite msimamizi wa hifadhidata, muisome pamoja, na athibitishe kwamba nakala ya akiba ipo. Vilevile ukiambiwa utengeneze fomu ambayo watu watajaza majina na programu iyabandike kwenye SQL, kuongeza ritifaa kwa rejeksi si kinga. Huko mtu mwenye nia mbaya anaweza kuingiza amri yake ndani ya jina, na mwandishi wa programu anapaswa kutumia vigezo vinavyotenganisha amri na data.

Ukikwama kwenye mstari wowote, nitumie mstari wenyewe kama ulivyo, umenakiliwa kutoka kwenye faili, pamoja na ruwaza uliyoandika na jina la programu unayotumia. Usinitumie picha ya skrini, maana kwenye picha siwezi kupima kama ritifaa ile imenyooka au imepinda.